Ardhi Iliyoungamiwa: Habari ya Migodi ya Urani ya Sachsen na Thüringen

Mwaka 1988, ofisi ndogo ya utafiti ya kanisa katika mji wa Wittenberg, Ujerumani Mashariki, ilitoa kijitabu kilichochapwa kwa mashine ya kurudufu. Kilitajwa kuwa ni kwa matumizi ya ndani ya kanisa tu. Hakikuwa na siri yoyote ya madhabahuni. Maneno hayo yalikuwa upenyo: kwa njia hiyo maandishi yaliweza kufika mikononi mwa watu bila kibali cha serikali. Kijitabu kiliitwa Pechblende, jina la lile jiwe zito jeusi lenye urani. Mwandishi wake, Michael Beleites, alikuwa mtoto wa mchungaji, kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Alichoandika wengi walikijua nusunusu. Tangu mwaka 1946 Wasovieti walikuwa wakichimba urani katika milima na mabonde ya Sachsen na Thüringen, kwa ajili ya silaha zao za nyuklia. Kampuni iliitwa Wismut, yaani bismathi, madini mengine kabisa. Jina lenyewe lilikuwa kificho. Miaka ya kwanza wengi walipelekwa mgodini kwa lazima, wakatoboa miamba mikavu bila maji, wakivuta vumbi na gesi ya radoni. Baadaye maelfu yao waliugua saratani ya mapafu. Kijiji cha Schmirchau, karibu na Ronneburg, kilifutwa kabisa. Oberschlema, mji uliokuwa ukipokea wagonjwa waliokuja kuoga maji yake ya radoni tangu 1918, ulichimbwa chini yake mpaka nyumba zikatitia, ukabomolewa.

Hata hivyo tusiigeuze habari hii kuwa ya wakoloni na mateka peke yao. Kampuni ililipa vizuri. Ilikuwa na hospitali zake na maduka yake, na wachimbaji walipewa mgao wa pombe kali juu ya mshahara. Mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa Jumapili aliweza kuwa ndiye yule anayelisha watoto wake kwa urani, na akajivunia kazi yake. Kusema ukweli mbele ya msharika wa namna hiyo ni kugumu kuliko kuusema mbele ya serikali. Nadhani ndiyo sababu wachungaji wengi walinyamaza, na siwahukumu haraka. Beleites aliandamwa na polisi wa siri na akafungiwa njia ya chuo kikuu.

Katika Zaburi ya 32 Daudi anasimulia jinsi mifupa yake ilivyochakaa wakati aliponyamaza, na jinsi alivyopata nafuu alipoacha kuficha uovu wake. Zaburi hiyohiyo inamwita heri yule ambaye dhambi yake imesitiriwa. Zamani niliona mgongano hapo: je, dhambi ifunikwe au ifunuliwe? Habari ya Ronneburg imenisaidia kuisoma. Kuna kufunika kwa mwenye kosa, ambako ni jina la uongo juu ya lango la kampuni. Na kuna kufunika kunakokuja baada ya kila kitu kupimwa na kutajwa.

Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa 1990, baada ya takriban tani 231,000 za urani kutolewa. Ujerumani iliyoungana ikarithi deni, ikatenga mark bilioni 13 hivi kwa kazi ya kusafisha. Hapo Ronneburg palikuwa na shimo la wazi la Lichtenberg, ambalo kina chake kiliwahi kufika karibu mita 240, na kulizunguka vilima vya kifusi. Kifusi hicho kina madini ya salfa. Kikipata hewa na mvua hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali na kuzipeleka mtoni. Kwa hiyo wahandisi hawakumwaga tu kifusi shimoni. Walikipima kwanza. Kile kibaya kuliko vyote kiliwekwa chini kabisa, mahali ambapo maji ya ardhini yangerudi na kukizamisha ili hewa isikifikie. Kingine kilichanganywa na chokaa. Kile chenye madhara madogo kikakaa juu, kisha udongo, kisha majani na miti. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano.

Mwaka 2007 maonyesho ya taifa ya bustani yalifanyika Gera na Ronneburg, na familia zilitembea katika bonde la Gessental ambalo hapo awali lilikuwa limefukiwa kwa kifusi. Kule Schlema, sehemu iliyotitia ilijazwa ikawa bustani ya wagonjwa, na wagonjwa wamerudi kuoga maji yaleyale ya radoni. (Mimi si daktari, hilo nawaachia wao.) Schmirchau haikurudi. Jina lake limebaki kwenye kilima kilichoinuka juu ya shimo lililojazwa.

Sisi Walutheri wa Tanzania hatuko mbali na habari hii. Wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka Leipzig, na Leipzig iko Sachsen. Nasi tuna urani yetu, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulibadilishwa kwa ajili yake. Huko inafaa kupima maji na udongo, na kuandika vipimo hivyo mahali ambapo wanakijiji na sharika zao wanaweza kuvisoma.

Maana kule Ronneburg kazi haikwishia kwenye maua. Pampu zilipozimwa, maji yalianza kupanda kwenye mahandaki, yakibeba chuma na urani. Mtambo wa kuyasafisha ulianza kazi mwaka 2006. Unayatoa yale machafu, unatenga tope lake na kulizika mahali palipotengwa, na unarudisha mtoni maji yaliyosafishwa. Waliochimba wengi wamekwisha kufariki. Mtambo unahudumiwa na watu waliokuwa watoto wakati ule, au hawajazaliwa.