Grafini na Tandiko Lake: Historia Iliyopitia Kanada

  Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mjini Montreal, Philip Wallace, mwanafizikia mzaliwa wa Toronto, alikuwa kwenye mradi wa siri wa nyuklia ulioendeshwa na Kanada na Uingereza.

Vinu vya nyuklia vilihitaji kinywe cha kupunguza mwendo wa nyutroni. Ni madini yaleyale ya penseli, na Mahenge mkoani Morogoro yamejaa ardhini. Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyopangana. Ili kuelewa kinavyopitisha umeme, Wallace alianza na tabaka moja tu, lenye unene wa atomu moja. Hesabu hizo alizichapisha 1947.

Tabaka lenyewe, grafini, lilitiwa mkononi 2004, pale Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walipoanza kuambua kinywe kwa utepe wa gundi. Waliyapachika maganda yake juu ya sahani ya silikoni iliyofunikwa kwa oksaidi. Unene wa oksaidi hiyo, takribani nanomita 300, ndio ulioliwezesha jicho kuliona tabaka kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini oksaidi hiyohiyo iliikwaza grafini. Uso wake una mabonde, umenasa chaji za umeme, na atomu zake hutikisika kwa joto. Ndani ya waya wa shaba elektroni nyingi hupita mbali na uso. Grafini haina ndani, kwa hiyo kila elektroni hupita ikigusana na tandiko, yaani kile ambacho grafini imelazwa juu yake.

Mwaka 2008, Kirill Bolotin, Philip Kim na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliila oksaidi kwa asidi hadi grafini ikabaki inaning'inia hewani, kisha wakapitisha mkondo mkali wa umeme kuchoma uchafu. Kwenye baridi kali, wepesi wa elektroni ulifika 200,000, kwa kipimo cha sentimita mraba kwa volti kwa sekunde. Juu ya oksaidi, 10,000 ilikuwa kawaida.

Grafini inayoning'inia hukatika upesi. Dawa ilitoka Tsukuba, Japani, ambako Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe walikuwa wakikuza fuwele za boroni naitraidi chini ya shinikizo kubwa. Uso wake ni laini, na atomu zimejipanga karibu sawa na za grafini. Mwaka 2010 Cory Dean na wenzake wa Columbia walilaza grafini juu yake, ubora ukapanda karibu mara kumi.

Tangu hapo tandiko limegeuka chombo cha kazi. Mwaka 2018 kikundi cha Pablo Jarillo-Herrero wa MIT kililaza grafini juu ya grafini nyingine, kikaizungusha nyuzi 1.1, na umeme ukapita bila ukinzani wowote.