Soweto: Dhahabu iliyosalia katika taka za migodi

Mamilioni ya watu waliotazama fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010 waliuona uwanja wa Soccer City, kando ya Soweto. Wachache walitambua kuwa vilima vya rangi ya manjano vilivyo jirani si kazi ya maumbile. Hayo ni mabaki ya miamba iliyosagwa na migodi ya Johannesburg tangu dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1886. Leo vilima hivyo vinachimbwa upya.

Sianidi na mchanga

Wachimbaji wa kwanza walinasa dhahabu kwa zebaki. Walipofika chini zaidi walikuta miamba yenye salfa, na zebaki ikashindwa kazi. Mwaka 1887, mjini Glasgow, John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, walisajili njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi. Mwaka 1890 njia hiyo ilifika Johannesburg, na kazi yake ya awali ilikuwa kuyasafisha mabaki yaliyokwisha kutupwa.

Hata hivyo mitambo ya zamani iliacha dhahabu kidogo. Mwaka 1977 kampuni ya Ergo ilianza kuyarudia mabaki hayo huko Brakpan, mashariki mwa Johannesburg. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata takriban gramu 0.2 kwa kila tani moja. Yaani tani tano za mchanga kwa gramu moja ya dhahabu.

Hatua za kazi

Kilima hupigwa kwa maji yenye nguvu hadi kigeuke tope, nalo husafirishwa kwa mabomba makumi ya kilomita hadi kiwandani. Huko huongezwa chokaa, ili sianidi isigeuke gesi ya sumu, kisha hutiwa sianidi na hewa. Dhahabu huyeyuka, ikanaswa na makaa maalumu ambayo aghalabu hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Makaa hayo huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda, na umeme huitenga dhahabu kabla ya kuyeyushwa tanurini. Zamani Ergo ilitoa pia urani na tindikali ya salfa katika mabaki hayo hayo.

Vumbi halijaondoka

Utawala wa ubaguzi wa rangi uliutumia ukanda huu wa migodi kama mpaka kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika. Upepo haukuutambua mpaka huo. Katika miezi ya ukame, vumbi laini huingia majumbani katika mitaa kama Snake Park. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha kuishi karibu na vilima vya namna hii na maradhi ya kifua miongoni mwa wazee. Aidha mvua inapokutana na salfa iliyo katika mabaki huzaa tindikali, nayo hubeba metali hadi mitoni.

Kuondolewa kwa kilima kunaweza kuwa nafuu, lakini taka haipungui: karibu tope lote hurundikwa upya katika bwawa jingine. Ardhi iliyoachwa nayo huweza kubaki na urani, na haina budi kupimwa na kuidhinishwa na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia kabla ya kujengwa nyumba. Kilima kilichoachwa nusu, uso wake ukiwa wazi, hutimua vumbi zaidi.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wachimbaji wadogo huyaita mabaki yao marudio, na huyauza kwa wenye mitambo ya sianidi. Hatari yake ni tofauti na ya Soweto: marudio hayo yana zebaki, na sianidi huiyeyusha pia, ikaweza kusafiri mbali kwa njia ya maji. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unataka nchi zichukue hatua za kukomesha matumizi ya sianidi katika mabaki ambayo zebaki yake haijaondolewa kwanza.

Kemia imethibitisha kwamba taka ni mali. Kwa mkazi wa Soweto, swali ni nani atakayebaki na vumbi baada ya dhahabu kwenda zake.