Sharti Lililopita

Mto Ruvu ukijaa, njia hukatika. Ruvu ukijaa, njia itakatika. Mtoto wa Dutumi, wilayani Kibaha, haongozwi na mtu kuona tofauti: hu- ni jambo la kila masika, -ta- ni la masika haya. Akitoka shule ya msingi ya serikali na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, anaambiwa hizo ni "conditionals", aina sifuri na aina ya kwanza. Bado ya pili, ya tatu na mseto. Namba tupu, kama vyumba vya gesti.

Sisi tunaziita zote sentensi za masharti, kwa neno tulilolipata kwa Waarabu. Ila sharti la kwetu lina kushurutisha ndani yake. Anayekwambia "Sharti uje" hakubembelezi. Masharti ya mganga nayo hutazama mbele: ukiyafuata utapona, ukiyavunja shauri yako. Sasa chukua "Ningalijua, nisingalikuja." Nani atatimiza sharti la jana? Zamani nilitaka aina hii ya tatu tuiite sentensi ya majuto, mpaka nikakumbuka "Usingaliniamsha, ningaliachwa na basi." Huyo hajuti, anashukuru. Basi naiita sharti lililopita: nafasi yake ilikuwepo jana, ikaenda zake, kwa heri au kwa shari.

Kosa kubwa la darasani linatoka kwingine. Kwenye -nge- na -ngali-, Kiswahili kwa kawaida hurudia kiambishi kilekile pande zote mbili: ningejua, nisingekuja. Ndiyo maana mwanafunzi huandika "If I would know, I would not come" bila wasiwasi wowote. Amekuwa mwaminifu mno kwa lugha yake. Kiingereza huweka "would" kwenye tokeo tu. Kwenye sharti hurudisha kitenzi nyuma hatua moja, la leo likasemwa kwa wakati uliopita, la jana kwa "had".

Na -ngali- yenyewe inatutoka midomoni. Wengi siku hizi husema ningejua kwa jana na kwa leo, msikilizaji atajijua. Ningekuwa na kipindi kimoja tu, ningekianza kwa Kiswahili: "Ningalisoma ualimu, sasa ningekuwa nafundisha Mlandizi." Jana -ngali-, leo -nge-, mseto mzima umo humo. "Had" ikija kuandikwa ubaoni, itakuta -ngali- imeshaitandikia mkeka.