Matunzo na Kazi: Sheria Mbili za Mwaka 1982

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya watoto vipofu huko Buigiri, karibu na Dodoma. Ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya namna yake katika Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilikuwa na watoza kodi, askari na mahakimu hata katika wilaya za mbali. Lakini kipofu, kiziwi na kiwete iliwaachia ndugu zao na wamisionari. Uhuru ulipokuja mambo hayakugeuka mara moja. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1963, nayo ilitoka katika mikono ya kanisa, safari hii Kanisa Katoliki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililotamka wazi mahali pa watu hawa katika taifa. Azimio lilikataza mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, kisha likawatenga wachache ambao wana haki ya kuwategemea wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao Serikali kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Kwa watu waliozoea kuhesabiwa kuwa mzigo, kauli hiyo ilikuwa heshima kubwa, maana iliugeuza mzigo ukawa haki. Lakini yafaa kutazama kwa makini jirani za kilema katika orodha ile. Mtoto atakua, na asiye na kazi huenda akaipata kesho. Kilema aliwekwa pamoja na mzee, katika upande wa wale wasiotazamiwa kurudi kazini. Tena haki ya kutegemea haina maana pasipo mtu wa kutegemewa, na Azimio halikumtaja. Vijijini hapakuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa alijulikana: alikuwa mama, au dada, au mke.

Lugha ya wakati ule ilikubaliana na fikira hiyo. Kilema, kipofu, kiziwi, kiwete: yote ni majina ya ngeli ya vitu, ingawa vitenzi vyake hufuata upatanisho wa watu. Baadaye likaenea neno walemavu, lililoingia katika ngeli ya watu, na baada yake watu wenye ulemavu. Wako wanaodhani kuwa hayo ni mapambo ya maofisa. Hawakosei kabisa, maana jina jipya halimpi mtu chakula. Ila mwenye kufuatilia sheria ataona kuwa kila neno lilikuja na wazo lake juu ya kile ambacho Serikali inadaiwa.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania likapitisha sheria mbili zinazofuatana hata kwa namba. Sheria Namba 2 ya mwaka 1982 ilihusu ajira ya walemavu, na Namba 3 matunzo yao. Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Sheria ya kwanza ilimwona mlemavu kuwa mfanyakazi aliyezuiliwa mlangoni, na ya pili ilimwona kuwa mtu wa kulishwa. Bunge halikuchagua baina ya picha hizo mbili, lilizipitisha zote.

Sheria ya ajira iliagiza kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na walemavu walioandikishwa wasiopungua asilimia 2, yaani mtu mmojawapo katika kila 50. Umbo lake lafanana sana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1944, iliyotungwa wakati majeruhi wa vita walipokuwa wakirudi nyumbani. Huko kiwango kilikuwa asilimia 3 kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, na kazi mbili zikawekwa akiba kwa ajili ya walemavu: kuendesha lifti na kulinda viwanja vya kuegesha motokaa. Kazi hizo mbili zatosha kueleza jinsi watunga sheria walivyoukadiria uwezo wa watu hao. Waajiri wengi wa Uingereza hawakukifikia kiwango kile, na walioshitakiwa walikuwa wachache mno. Mwisho sheria ya mwaka 1995 ikakifuta.

Katika Tanzania agizo hilo lilikuja wakati mbaya. Vita na Uganda vilikuwa vimekula akiba ya nchi. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi. Mwajiri mkubwa alikuwa Serikali na mashirika yake ya umma, na tangu mwaka 1986, baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, mashirika hayo yalianza kupunguza watu na hatimaye kuuzwa au kufungwa. Asilimia 2 ya kiwanda kilichofungwa ni sifuri. Chuo cha ufundi cha Yombo, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1970 ili kuwafundisha walemavu kazi za mikono, kiliendelea kutoa mafundi, na nafasi za kuajiriwa zikazidi kuwa chache.

Kwa hiyo sheria iliyobaki na nguvu ni ile ya matunzo. Hiyo iliwataja wenye wajibu: familia na jamaa, mamlaka za mitaa, Serikali kuu, na mashirika ya hiari. Waliotajwa ni wengi, lakini jamaa ndio waliokuwa nyumbani. Tena sheria hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa sheria za nchi kwa miaka mingi, hata marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Mkulima aliyetwikwa wajibu huo hakuweza kuusoma.

Sera ya taifa ya mwaka 2004 iligeuza mwelekeo, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Sheria Namba 9 ya mwaka 2010 ikafuatia, ikaziondoa zile mbili za 1982 na kulipandisha agizo la ajira: asilimia 3 kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi. Ni hesabu ile ile ya Uingereza ya mwaka 1944, iliyokwisha kutupwa huko kwa kutotii kwa waajiri. Tena asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja.

Wakati sheria hiyo ikiandaliwa, mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa yameenea, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Serikali iliwakusanya watoto katika shule zilizokuwa zikipokea watoto wenye ulemavu mwingine: Buhangija katika Shinyanga, Mitindo katika Misungwi, Kabanga katika Kasulu. Maisha ya wengi yaliokolewa, na hilo halina ubishi. Lakini himaya iliyokusudiwa kuwa ya muda ikawa makao, na wako watoto waliokua humo bila kuonana na wazazi wao kwa miaka. Katika kurasa za sheria lilisomwa neno haki. Ndani ya ukuta yalitolewa matunzo ya zamani, tena mbali na mama.

Mwaka 2018 njia ya tatu ilitiwa katika sheria. Halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hapa mtu haajiriwi wala halishwi. Anakopeshwa, naye atarudisha. Mshonaji wa Yombo aweza kununua cherehani kwa fedha hizo. Yule asiyeweza kuinuka kitandani hana cha kukopea, na anayemwinua kila asubuhi hamo katika hesabu ya asilimia yo yote.