Historia Fupi ya Istilahi za Upandikizaji katika Uuguzi

Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, huko Cape Town. Wagonjwa wetu wa figo walipelekwa India kwa tiba ya namna hiyo, hadi Novemba 2017 figo ilipopandikizwa kwa mara ya kwanza nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Neno "kupandikiza" halikuwa geni. Wakulima wa Bukoba na Muleba hupandikiza miche ya kahawa kutoka kitaluni, nao wajua kuwa mche usiotunzwa hunyauka. Figo nayo huweza kukataliwa na mwili. Hivyo mpokeaji humeza dawa muda wote figo hiyo ifanyapo kazi. Ndiyo maana utafiti wa uuguzi duniani huchunguza pia jinsi mgonjwa afundishwavyo kujitunza, na hali ya mtoaji baada ya upasuaji.

Muuguzi, kwa asili ya neno, ni yule auguzaye. Wanafunzi wa uuguzi wa Ndolage na Rubya husoma kwa Kiingereza, lakini huuguza kwa Kiswahili na Kihaya. Ndugu aombwaye "kiungo" aweza kudhani ni mkono au mguu; akiitwa "mfadhili", aweza kuona haya kukataa. Twapendekeza figo itajwe kwa jina lake, na neno "mtoaji" litumike. Idhini isiyoeleweka si idhini.