HISTORIA YA PIKIPIKI "UCHI": ILIANZA KWA WALIOKOSA HELA YA PLASTIKI, LEO NI USTAA KITAA

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, tunaingia kwenye historia. Tunamzungumzia yule jamaa wa kwenu, jina simtaji. Kila Jumamosi jioni anakata Barabara ya Kilwa na dude lake, injini iko nje nje, eksozi inanguruma mpaka watoto wa Mtoni wanatoka uani kuchungulia. Kinondoni nako yupo wa kwao. Kila kitaa kina wake.

Dude lenyewe wenzetu wanaliita "pikipiki ya uchi". Maana yake haijavaa yale makava makubwa ya plastiki ya pikipiki za mashindano. Huku kwetu ukiiona unajua tu mwenyewe mambo safi. Sasa cha kushangaza, hii kitu haikuanzia kwa matajiri. Ilianzia kwa watu walioishiwa. Na ukiijua historia yake vizuri, utajua pia namna ya kuinunua iliyotumika bila kupigwa, na namna ya kuishi nayo bila kuishia wodini. Twende kazi.

ZAMANI ZOTE ZILIKUWA UCHI

Ukirudi miaka ya 60 na 70, pikipiki karibu zote za barabarani zilikuwa hazijavaa kitu. Hakuna aliyeziita uchi, zilikuwa pikipiki tu. Mwaka 1969 Honda wakatoa CB750. Ilikuwa na silinda nne, cc 736, nguvu ya farasi 67 na breki ya diski mbele, na ilikuwa inakaribia kilomita 200 kwa saa. Watu walichanganyikiwa. Mwaka 1972 Kawasaki wakajibu na Z1 ya cc 903. Vita ikaanza.

Mwaka 1985 Suzuki wakaleta GSX-R750, pikipiki ya mashindano yenye taa na namba za barabarani, imevikwa plastiki kuanzia usoni mpaka kiunoni. Vijana wa Ulaya wakapagawa, kila mtu akaitaka hiyo.

Shida ikaja kwenye kudondoka. Pikipiki ikilala chini mara moja tu, plastiki zinapasuka, na bei ya kuzirudishia ilikuwa inauma kuliko maumivu ya goti. Kwa hiyo kule Uingereza na Ujerumani vijana na mafundi wao wakapata akili. Wakatoa makava yote yaliyovunjika, wakafunga taa mbili za duara mbele, wakaweka hendeli iliyonyooka badala ya ile ya kuinamia, wakaingia barabarani. Zikaitwa pikipiki za wapiganaji wa mtaani. Sura mbaya, mwendo ule ule.

Viwanda navyo vikaona hela. Mwaka 1992, kwenye maonyesho ya Cologne, Ujerumani, Ducati wakaonyesha Monster iliyochorwa na Miguel Galluzzi, mzaliwa wa Argentina. Jamaa alichukua injini ya mashine moja na fremu ya familia ya mashine nyingine, vyote vilikuwepo kiwandani tayari, akaviunga na kuviacha wazi. Mwaka 1993 ikaingia sokoni. Triumph wakafuata na Speed Triple mwaka 1994. Yaani kile kilichoanza kama kukosa hela kikageuka fasheni.

JAPANI: SHERIA ZILIVYOTULETEA CC 400

Umewahi kujiuliza kwa nini nyingi ya pikipiki hizi zinazotoka Japani ni cc 400? Jibu ni leseni. Mwaka 1975 Japani waliweka mpaka: ukiwa na leseni ya kati unaishia cc 400. Ukitaka kubwa zaidi, unakwenda kufanya mtihani kwenye kituo cha serikali, na ule mtihani ulikuwa unafelisha watu mpaka wanakata tamaa. Mpaka mwaka 1996 ndipo shule za udereva ziliporuhusiwa kufundisha na kutahini leseni kubwa. Kwa hiyo kwa miaka 20 hivi, viwanda vya Japani vilitia utundu wao wote kwenye cc 400.

Na lilikuwa soko si la kitoto. Mwaka 1982 pekee Wajapani walinunua zaidi ya pikipiki milioni tatu. Mwaka 1989 Kawasaki wakatoa Zephyr 400, uchi kabisa, nguvu ndogo kuliko wapinzani wake wenye plastiki, na bado ikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Watu walikuwa wamechoka kuinama. Mwaka 1992 Honda wakaleta CB400 Super Four: silinda nne, nguvu ya farasi 53. Baadaye zikaja Hornet 600 mwaka 1998, na Yamaha MT-09 mwaka 2013 yenye silinda tatu na nguvu ya farasi 115.

Kuna na sheria ya pili. Japani, pikipiki yoyote inayozidi cc 250 lazima ikaguliwe na serikali kila baada ya miaka miwili, ukiacha ile mara ya kwanza inapokuwa mpya. Ukaguzi una gharama zake. Kuna wenyewe wanaopiga hesabu, wanaona bora wauze. Ndiyo maana unakuta mashine ina miaka mingi lakini haijachoka sana, inaingia mnadani, inapanda meli.

IKAFIKAJE BONGO?

Kwetu pikipiki kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha kazi. Bwana shamba, padri, mganga wa zahanati. Zanzibar ndiyo walikuwa na Vespa zao za kupendezesha mji. Miaka ya mwanzo ya 80 bidhaa ziliadimika mpaka sabuni ilikuwa ya foleni, nani angewaza pikipiki ya starehe?

Bajeti ya mwaka 1984 ikafungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mlango ukafunguka zaidi. Mitumba ya kuvaa, mitumba ya kuendesha, vyote vikaingia.

Halafu miaka ya 2000 zikaja pikipiki za Kichina, SanLG, Toyo, T-Better, na za Kihindi kama Boxer na TVS. Bodaboda ikawa ajira ya vijana, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni rasmi za kuzipa leseni za biashara. Kuanzia hapo, ukisema una pikipiki watu wanakuuliza unapaki kijiwe gani. Ndipo ile kubwa ya uchi ikapata maana mpya kwetu: inasema mimi sibebi abiria. Ulaya walitoa plastiki kwa sababu ya umaskini, Temeke tunaipanda kuonyesha hatuna umaskini. Historia ina vituko!

KUNUNUA: UCHI HAUFICHI MAKOVU

Kwanza kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla. Mashine ikifika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 4, ushuru ni milioni 1, na VAT ya milioni 5 ni laki 9. Hapo umeshaongeza milioni 1.9 na bado usajili na gharama nyingine. Kwa hiyo ukiuziwa kubwa kwa bei ya Boxer, usifurahi, uliza.

Uliza kwanza kadi. Namba ya fremu na namba ya injini zisome wewe mwenyewe kwenye chuma, zilingane na kadi. Angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi kabla hujatoa hela. Andikishaneni kwa mwanasheria, mkabadilishe umiliki TRA. Usikubali maneno ya "tutabadilisha baadaye".

Halafu angalia makovu. Uzuri wa pikipiki ya uchi ni kwamba haina pa kuficha. Tazama ncha za hendeli, ncha za breki na klachi, kava za injini pembeni, eksozi na pa kuwekea miguu. Vikiwa vimekwaruzwa upande mmoja wote, hiyo ililala. Zungusha hendeli kushoto na kulia taratibu. Ikigota katikati, beringi zimekwisha. Rejeta nayo iko wazi kwenye mawe, iangalie kama inavuja.

Tairi usiangalie kashata tu. Pembeni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi kuukuu inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikawa ngumu kama kandambili iliyoanikwa.

Na kwa sababu pikipiki haina usukani wa kulia wala kushoto, inaweza kutoka nchi yoyote. Ila ikitoka kwa wanaoendesha kulia, taa yake inamulika macho ya wanaokuja. Badilisha.

KUISHI NAYO: HAPA NDIPO WENGI WANAPOKWAMA

Kuna jamaa mmoja wa Tandika, mashine yake imekaa uani miezi imefunikwa turubai. Ugonjwa ni tairi la nyuma tu. Boxer inatumia tairi jembamba unalolipata hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Lake ni 180/55 inchi 17, na hilo hulikuti kila duka. Jamaa alikusanya hela ya kununua, hakukusanya hela ya kutunza.

Mafuta nayo. Boxer inakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita, kubwa inakwenda 15 hadi 20. Tegeta mpaka Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Mwenye Boxer anatumia lita moja na kidogo, wewe unatumia mpaka tatu na kidogo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei, wewe ndiye wa kwanza kusoma.

Ongeza mchanga wa njia za ndani unaotafuna cheni, matuta yanayokwaruza tumbo la injini, na joto la foleni ya Mandela linalokubanika mapaja. Mwingine namjua wa Mwananyamala, yeye ana CB400 miaka sasa. Siri yake? Cheni anaisafisha kila wikiendi, oili habahatishi, na kazini anakwenda na daladala. Mchuma ni wa Jumapili.

SASA TUONGEE UKWELI

Boxer ya cc 150 ina nguvu ya farasi 12 hivi. Hornet 600 ina karibu 95. Giya ya kwanza peke yake inaweza kupita kilomita 80 kwa saa, na mjini mwisho ni 50. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne, si mbili. Na nyingi za miaka ya 90 hazina mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukibana breki. Bajaji ikigeuza ghafla pale Mbagala, zile hesabu hazina undugu.

Leseni pia inasema kitu. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo za chini ya cc 125. Kubwa inataka daraja A. Ukipata ajali na leseni isiyo yake, bima inaweza kukuruka, iwe bima ndogo au kubwa. Na usisahau, waliozianzisha hizi mashine walikuwa ni watu waliodondoka wakainuka. Plastiki zao zilivunjika wakazitoa, wakaendelea. Mfupa wa paja hauna namna hiyo. Pale MOI wamelala vijana waliodhani wanaweza, na wengi walikuwa kwenye pikipiki ndogo tu.

Kwa hiyo mdau, kama una hela ya kununua, igawe mara tatu: ya mashine, ya tairi na matengenezo, na ya kofia ngumu, jaketi, glavu na viatu. Ikibaki pungufu kwenye fungu lolote, bado hujafika bei. Endelea kusukuma Boxer, haina aibu, inalisha familia nyingi hapa Dar.

Haya, na wewe mtaani kwenu yupo wa dude la uchi? Analitunza au limefunikwa turubai? Tupia maoni hapo chini, ila majina tuyaache!