Kopo la Kreatini na Ndoo ya Maji: Kurejesha Nguvu Baada ya Tiba ya Saratani Dodoma

Mama aliyemaliza tiba ya saratani ya mlango wa kizazi Ocean Road, Dar es Salaam, akirudi kijijini Bahi au Chamwino, kwanza hunyang'anywa kazi. Maji huchotewa, jembe hufichwa, akiinuka huambiwa, "Mama, pumzika." Siku hizi linafuata kopo la unga wa kreatini, limeletwa na mwanawe anayefanya mazoezi jimu mjini. Yote mawili ni mapenzi. Hoja yangu ni kwamba la kwanza linaliua la pili.

Kijana hakukosea sana. Kreatini, iliyotambuliwa na Mfaransa Chevreul mwaka 1832 katika mchuzi wa nyama, ni akiba ya nguvu za haraka kwenye misuli. Mwili hujitengenezea kama gramu 1 kwa siku. Nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Nusu kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe ina takriban gramu 2, lakini ng'ombe wa Mgogo ni mali na mahari kabla hajawa kitoweo. Chakula cha kila siku ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, na humo kreatini ni kama hakuna. Wasiokula nyama huwa na akiba ndogo misulini, na kwa kawaida ndio unga huu huwaongezea zaidi. Kwa nadharia, basi, mama huyu angefaidika.

Ushahidi ni mgumu zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakikonda gramu 20 kwa siku kwa siku 5, kisha gramu 2 kila siku. Kati ya wagonjwa 263, waliopewa kreatini hawakuwazidi waliopewa unga mtupu, kwa uzito wala kwa hamu ya kula. Ni kweli hao walikuwa bado wanaugua, si waliopona. Hata hivyo, kwa wazee wenye afya faida huonekana hasa unga unapoambatana na mazoezi ya kuinua uzito. Akiba isiyotumika haijengi msuli. Kwa panya, utafiti mmoja wa 2019 uliona kreatini ikiwasaidia askari wa kinga, na mwingine wa 2021 ukaiona ikisaidia saratani kusambaa. Panya si mtu, ila sioni haki ya kumwambia aliyepona kwamba kopo hilo halina neno.

Kuna na suala la figo. Sisplatini, dawa inayoandamana na mionzi katika saratani ya mlango wa kizazi, huweza kuziumiza. Daktari huzifuatilia kwa kreatinini ya damu, ambayo ni mabaki ya kreatini yenyewe. Anayemeza unga kimyakimya anaweza kupandisha kipimo figo zikiwa nzima, au ongezeko la kweli likasingiziwa unga.

Karatasi ya kuruhusiwa huorodhesha dawa na tarehe ya kurudi. Wataalamu wenzangu, tuandike na kazi: kuinuka kigodani mara 10, na kubeba dumu la lita 3, kisha 5, siku 2 kwa wiki, kwa asiye na saratani mifupani. Ugali uende na choroko, karanga, maziwa, yai likipatikana. Kopo lisifunguliwe mpaka figo zipimwe na daktari ajue.